Uzoefu wangu: Nililipia ukadiriaji mara mbili kabla ya kununua Pijo 504 Nakuru

Gari ninaloendesha sasa ni Pijo (Peugeot) 504 ya stesheni wagoni, yaani yenye bodi ndefu, na kabla ya kulinunua nililipa watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wanikadirie bei inayolifaa. Wa kwanza alinitoza shilingi 5,000, akamaliza kazi kwa dakika kumi na mbili, akaniandikia barua yenye muhuri iliyosema kwamba gari lina thamani ya shilingi 460,000. Wa pili alinitoza 3,500, akashughulika nalo saa mbili na nusu, kisha akaniambia kwamba nikilipa zaidi ya 260,000 nisije kumlilia. Gari lilikuwa lile lile na wiki ilikuwa ile ile. Nimeamua kuzieleza huduma hizo mbili pamoja na hesabu iliyonifikisha kwenye bei niliyolipa, kwa kuwa nilipokuwa natafuta gari kila niliyemuuliza aliniambia tu "tafuta fundi mzuri", bila kusema huyo fundi mzuri akipatikana aulizwe nini.

Ugumu wa bei za magari haya ni kwamba hayana soko moja. Magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka nje hayaruhusiwi kuingia Kenya yakiwa yamezidi umri wa miaka minane, kwa hiyo anayetaka Pijo 504 hutafuta miongoni mwa zile ambazo tayari ziko nchini. Aina hii ilitoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka wa 1968, ikaja kuunganishwa Mombasa, na kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba abiria kati ya Nairobi, Nakuru, Kisumu na Eldoret. Pijo mbili za mwaka mmoja na rangi moja zinaweza basi kuwa na maisha yasiyofanana hata kidogo: moja ilipelekwa kanisani Jumapili na mwalimu mkuu wa Molo, nyingine ilipanda mteremko wa Mau mara mbili kwa siku ikiwa imejaa watu na magunia. Kuuliza tu "504 ni pesa ngapi?" ni sawa na kuuliza shamba ni pesa ngapi.

Broka aliyenionyesha gari hili alikuwa na jibu lake tayari. Alianza na mashindano ya magari ya Safari Rally, akasema Pijo 504 ilishinda mwaka wa 1975 na tena 1978, jambo ambalo ni kweli, ila ya 1978 ilikuwa ya aina ya kupe (coupé), gari la milango miwili lenye injini ya V6, si gari la familia lenye safu tatu za viti kama hili. Halafu akanifungulia simu na kunionyesha 504 iliyokuwa inauzwa Ulaya kwa fedha ambazo, zikigeuzwa kuwa shilingi, zingeninunulia ploti. Niliitazama ile picha kwa makini. Ilikuwa ya kabrioleti, gari la milango miwili linalofunguka paa, ambalo bodi yake ilijengwa na Pininfarina wa Italia na ambalo wakusanyaji wa huko huligombania. Nilimwambia, "Ndugu yangu, hiyo na hii zina jina moja tu." Alicheka, lakini bei hakuishusha: 480,000.

Kwa bahati nilikuwa na kitu cha kumjibu. Kwa miezi mitano nilikuwa nimeandika katika daftari kila tangazo la 504 nililoliona kuanzia Nairobi hadi Kisumu, jumla yao kumi na manne, nikiweka tarehe, bei iliyotajwa, na nambari ya simu. Kila baada ya wiki tatu nilipiga kuuliza kama gari bado lipo. Likiwa limekwenda, niliuliza kwa upole lilikwenda kwa ngapi. Wengi walikata simu, na sikuwalaumu, lakini watano waliniambia, na hao watano walinisaidia kuliko matangazo yote kumi na manne, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyekuwa amepata alichoandika. Moja la Kisumu, lililokuwa safi kuliko yote niliyoyakagua kwa macho yangu, lilitangazwa kwa 550,000, likakaa miezi mitatu, likauzwa 430,000. Lingine la Eldoret, lenye bodi iliyochoka, liliondoka kwa 260,000. Bei ya tangazo ni matumaini ya mwenye gari, na yale yanayokaa kwenye matangazo muda mrefu ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi. Ukikadiria kwa kuyatazama hayo tu, unakadiria kwa magari ambayo watu wamekwisha kuyakataa.

Sasa nije kwenye ukadiriaji wa kwanza. Mthamini alifika Njoro, ambako gari lilikuwa, akiwa na shati safi na kamera nzuri. Alipiga picha pande nne, akasoma namba ya chesisi na kuilinganisha na logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, akaandika kilomita zilizokuwa kwenye mita ingawa mita za magari mengi ya miaka hiyo zikifika 99,999 huanza upya kutoka sufuri, akawasha injini, akaizima. Hakuinua zulia. Hakulala chini. Nilimwona akinong'onezana na broka karibu na lango, na kiasi alichokuja kuandika hakikuwa mbali na kile broka alichokuwa anataka. Sitasema walipanga jambo, kwani sikusikia walichozungumza. Ninachosema ni kwamba barua ile ilikuwa na tarakimu moja tu, isiyo na hesabu nyuma yake, na nilipompigia kumuuliza ameipataje alinijibu kwamba ni "uzoefu wa soko". Barua ya namna hiyo inaweza kutosha kwa anayetaka bima au mkopo. Kwa mnunuzi haina kazi.

Fundi wa pili nilielekezwa kwake mtaa wa Shabab mjini Nakuru, mtu wa makamo ambaye amezishika Pijo tangu zilipokuwa za abiria. Alikuja na jeki, tochi, bisibisi ndefu, na sumaku ndogo ya spika aliyoifunga kwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Injini hakuitazama kwanza. Alipiga goti kando ya mlango wa dereva akaanza kuitembeza ile sumaku polepole juu ya kizingiti, ile sehemu ya bodi iliyo chini ya milango, kutoka gurudumu la mbele kwenda la nyuma. Ilishika, ikashika, kisha chini ya mlango wa nyuma ikadondoka kwenye nyasi. Aliiokota, akajaribu tena pale pale, ikadondoka tena. "Hapa hakuna bati," alisema, "hapa kuna pati," yaani ule mchanganyiko wa kuzibia bodi kabla ya kupakwa rangi. Alipogonga kwa mpini wa bisibisi, sehemu yenye bati ililia kama debe, na ile yenye pati ikatoa mlio mfu kama wa kugonga boga. Upande wa kulia tulipima shubiri tatu na nusu za pati, na chini ya zulia la nyuma kidole changu mwenyewe kilipita sakafuni na kutokea upande wa pili.

Akanieleza kwa nini alianza na bodi. Injini ya Pijo hii ni ya petroli, yenye slivu zinazotoka, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, kwa hiyo ikichoka unanunua slivu na pistoni, unazibadilisha, na maisha yanaendelea. Udhaifu wake mkubwa ni silinda hedi, kile kipande cha juu cha injini, iliyo ya alumini, ambayo hupinda gari likichemka. Gharama hizo zinajulikana kabla ya spana ya kwanza kushikwa. Kutu haijulikani mpaka uikate, na huikati mpaka uwe umelinunua gari. Ndiyo maana anakata bei nyingi zaidi kwa kutu kuliko kwa moshi, na ndiyo maana gari lililoishi Mombasa, kwenye hewa ya chumvi, hulikagua mara mbili hata likiwa linang'aa. Alichungulia pia mahali ambapo shokabzoba za mbele hushikana na bodi, akasema pakiwa pameoza tungekuwa tumefika mwisho wa mazungumzo. Pa gari hili palikuwa pazima.

Mengine yalikwenda haraka. Chini ya kifuniko cha oili kulikuwa na utando mweupe kama uji, dalili kwamba maji yalikuwa yanavuja kuingia kwenye oili. Breki za nyuma zilivuta upande mmoja. Matairi yalikuwa na meno mazuri, na broka alikuwa ameyasifu, lakini fundi alinionyesha tarakimu nne ubavuni, 2311, yaani yalitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2011, na mpira ulikuwa umeshaanza kupasuka nyufa ndogo ndogo. Hapakuwa na mashimo ya bolti za viti vya ziada sakafuni, kwa hiyo pengine gari halikupata kubeba abiria. Safu zote tatu za viti zilikuwa na vitambaa vyake vya kwanza, jambo ambalo fundi alilipa uzito kuliko nilivyotarajia: vitambaa, vioo vya taa na mipira ya madirisha ndivyo vinavyokosekana siku hizi, hata ukitembea Kirinyaga Road nzima, barabara ya wauza vipuri Nairobi.

Kisha akachukua daftari langu akaandika hesabu, nami hapo ndipo nilipoona kwamba 3,500 zangu zilikuwa zimerudi. Alianza na 430,000 ya lile gari safi la Kisumu, kwa sababu ndiyo bei halisi ya gari lisilohitaji kazi, akatoa gharama za kulifikisha hili pale lilipokuwa lile: kuchomelea vizingiti na sakafu 45,000, rangi 60,000, hedi na gaskiti 16,000, breki 9,500, mipira na vioo 12,000, matairi manne 28,000. Jumla 170,500. Kilichobaki kilikuwa 259,500. Wamarekani wa Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya zamani, hupanga magari ya zamani kwa madaraja manne, la kwanza likiwa la gari la maonyesho na la nne likiwa la gari linalotembea na kasoro zake, kila daraja na bei yake. Fundi wangu hajawahi kulisikia jina hilo, lakini kwa kuanza na gari bora lililouzwa na kushuka kwa gharama zilizoandikwa alikuwa akifanya kazi ya namna ile ile.

Mwenye gari alikuwa mama mjane, na nilipomrudia niliomba tuzungumze bila broka. Nilimwonyesha ukurasa ule. Hakukasirika, aliusoma wote, akauliza pati ni nini, nikampeleka nikamwonyesha kwa sumaku. "Mwanangu," alisema, "mimi nilikuwa nikiambiwa tu halina shida." Alikubali 275,000, nami niliongeza zile 15,500 zilizozidi hesabu ya fundi kwa furaha kwa sababu ya karatasi. Logibuku ilikuwa bado kwa jina la marehemu mumewe, na gari la marehemu haliwezi kuhamishwa bila hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Mama alikuwa ameshaipata, imethibitishwa, na gari limetajwa ndani yake. Kuna 504 nyingine katika daftari langu, nzuri kuliko hii, ambayo niliiacha kwa 220,000 kwa kuwa ndugu watatu walikuwa hawajakubaliana nani ataliuza. Namba ya injini pia ilikuwa ile iliyoandikwa kwenye logibuku, tofauti na mbili nilizoziona zikiwa zimewekewa injini za Toyota bila mabadiliko hayo kusajiliwa.

Fundi hakupatia kila kitu. Kizingiti cha kulia kilipokatwa, kutu ilionekana imepanda hadi kwenye nguzo ya mlango, na kazi ya kuchomelea ikafika 61,000. Hedi, kwa upande mwingine, ilihitaji kusawazishwa na gaskiti mpya tu, 9,000. Rangi, breki na matairi vilikwenda kama alivyoandika. Pamoja na 7,000 za vioo vya taa, nimetumia 174,500 juu ya 275,000, yaani 449,500. Kwa maneno mengine, lile gari la Kisumu nililoliona ghali kwa 430,000 lingekuwa rahisi zaidi, na ningekuwa nimeliendesha miezi minne mapema. Hilo linaniuma kidogo kila ninapopita Kondele, kule Kisumu. Bima nayo sikuihesabu mahali popote: kampuni mbili nilizoziuliza zilikubali kunipa ya mtu wa tatu pekee, kwa ajili ya umri wa gari, kwa hiyo likigongwa kwa kosa langu, ile 449,500 ni hasara yangu peke yangu.

Mthamini wa kwanza sitamrudia kwa gari la umri huu. Fundi wa Shabab nimeshamlipa tena, safari hii amkagulie shemeji yangu Datsun ya Gilgil, naye aliikataa kabla hata boneti haijafunguliwa.

Kilichobaki kwangu ni mpira wa kioo cha mlango wa nyuma, ambao nimeutafuta Nakuru, Kisumu na Nairobi. Broka alisikia shida yangu, akaniletea mmoja wiki iliyopita akiwa ameufunga vizuri kwenye gazeti, 4,000. Niliuweka juu ya kioo, ukapungua karibu futi nzima. Ulikuwa wa Pijo ya saluni, ile fupi, si ya stesheni wagoni. "Lakini ni Pijo," aliniambia, nikamrudishia na gazeti lake.