Kusoma umri wa mnyama kwa meno: karakana ya mafuvu Ngamiani, Tanga

Karakana hii iko uani mwa nyumba moja ya Ngamiani, mjini Tanga, na kazi yake kubwa ni kusafisha mafuvu na pembe za wanyama waliowindwa kwa leseni. Huduma niliyoifuata mimi ni ndogo zaidi, wala haikuandikwa kwenye kibao cha mlangoni: kwa shilingi 20,000, fundi hulikagua taya la chini la mnyama na kukuandikia kadi yenye makadirio ya umri wake. Nimeitumia mara mbili katika msimu mmoja, na kwa kuwa nilikuwa bwana mifugo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumpima fundi mwenyewe.

Kabla mfuko wangu haujafunguliwa niliombwa leseni na hati ya umiliki wa nyara. Wapo wateja wanaoudhika kwa hilo, lakini Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 si ya kuchezea, na karakana inayopokea mafuvu bila kuuliza yametoka wapi ni ya kukimbiwa.

Safari ya kwanza nilipeleka mataya mawili. Moja lilikuwa la swala pala dume niliyempiga upande wa Handeni. La pili lilikuwa mtego: lilitoka kwa fahali wa zizini kwangu, aliyechinjwa akiwa na miaka 3 na miezi 2 kwa mujibu wa daftari langu. Fundi alilitambua papo hapo kuwa ni la ng'ombe, akacheka, akasema hata hivyo atalisoma kwa bei ileile. Meno manne ya mbele yalikuwa ya kudumu na manne ya pembeni bado ya utoto, naye akaandika miaka 2 na nusu hadi 3 na nusu. Nilipomwonyesha daftari hakujisifu, bali alisema tu kwamba ng'ombe wetu wa kienyeji huchelewa kubadilisha meno kuliko wale wa kizungu, na hilo ni kweli.

Maarifa haya si mageni kwetu watu wa pwani. Idd ya kuchinja inapokaribia, hakuna mnunuzi mwenye akili anayefungua pochi kabla ya kumfungua mbuzi mdomo, maana kwa madhehebu ya Shafi mbuzi wa udhhiya hutakiwa awe ametimiza miaka 2, na pale muuzaji anapoapa, meno ya mbele ndiyo shahidi. Kwa mnyama wa porini, hata hivyo, fundi hutegemea zaidi meno ya nyuma, na hapo ndipo shilingi 20,000 zangu zilipopata thamani yake.

Alilishika taya la yule swala, akaweka ncha ya bisibisi nyembamba kwenye jino la tatu la kutafunia kuanzia mbele. "Mzee, hesabu nundu zake," akaniambia. Zilikuwa tatu, zimesagika hadi karibu na ufizi. Jino la utoto la mahali hapo huwa na nundu tatu, ilhali la kudumu linalolirithi huwa na mbili tu; kwa hiyo dume huyu, ambaye mimi kwa kutazama pembe zake kwenye darubini nilimdhania mtu mzima wa haja, alikuwa hajamaliza kubadilisha meno. Fundi alibandua kipande chembamba cha mfupa chini ya jino hilo, na humo ndani tukaiona ncha ya jino jipya, nyeupe kama punje ya mchele, ikisubiri zamu yake. Gego la mwisho nalo lilikuwa limetokeza nusu. Kadi ilisema mwaka 1 na nusu hadi miaka 2 na nusu, na nikaona haya kidogo, kwa sababu nilikuwa nimewaambia wenzangu kuwa nimempiga mzee.

Mnyama aliyekamilisha meno ni habari nyingine, na hapa sifa zangu zinapungua. Safari ya pili nilipeleka taya la nyati. Nyati hukamilisha meno ya kudumu akiwa na takriban miaka 5 hadi 6, na baada ya hapo hakuna jino jipya la kumtolea ushahidi. Kinachobaki ni kupima jinsi meno yalivyosagika, hasa gego la kwanza, ambalo hutangulia kuota kuliko magego mengine na kwa hiyo hutangulia kuisha. Fundi alipima kimo cha gego hilo kwa vernia, akalinganisha na jedwali lililobandikwa ukutani, akaandika: miaka 11. Si 10 wala 12. Nilipouliza jedwali limetoka wapi, nikaambiwa kusini mwa Afrika. Sasa, nyasi za kule si nyasi za huku, na mnyama anayelisha kwenye udongo wa kichanga hula pamoja na msasa unaomsaga meno mapema, hivyo nyati wawili wa umri mmoja waweza kuwa na magego ya vimo tofauti kabisa. Niliirudisha kadi. Fundi hakubisha sana. Akaandika upya miaka 9 hadi 13, jambo ambalo angelifanya tangu mwanzo.

Kwa anayetaka uhakika zaidi, karakana hujitolea kushughulikia vibali na kupeleka jino la mbele, likiwa na mzizi wake wote, kwenye maabara ya nje. Huko jino hulainishwa kwa tindikali, hukatwa vipande vyembamba, hutiwa rangi, kisha mistari iliyomo kwenye tabaka la sementi linalofunika mzizi huhesabiwa kwa hadubini. Katika nchi zenye majira ya baridi kali mstari huwa mmoja kwa mwaka. Ila sisi tuna masika na vuli, yaani misimu miwili ya mvua na vipindi viwili vya ukavu ndani ya mwaka mmoja, na mistari ya namna hiyo huweza kujirudia mara mbili au kufifia. Niliikataa huduma hiyo. Kama ningekuwa nawinda kusini mwa nchi, ambako mvua huwa na msimu mmoja mrefu na kiangazi kimoja, ningefikiri mara mbili.

Simba hawapokei, na sina ugomvi nao: katika uwindaji wa kitalii simba wetu hutakiwa awe na miaka 6 au zaidi, na meno yake huchunguzwa kwa eksirei inayoonyesha jinsi tundu la ndani ya jino linavyosinyaa kadiri anavyozeeka. Mashine hiyo hawana.

Kasoro iliyoniudhi zaidi ni ya uzembe. Majina ya wateja huandikwa kwenye utepe wa karatasi unaobandikwa mfupani, na wangu ulibanduka ndani ya sufuria, nikakuta mataya mawili ya nyati mezani na hakuna anayejua lipi ni la nani. Nililitambua langu kwa alama ya shoka pembeni. Tangu hapo mfupa wangu huufunga mwenyewe kwa waya wenye kibati cha namba, na huuondoa nyama nyumbani kwa kisu, bila kuuchemsha sana wala kuutia klorini, kwa sababu vyote viwili huharibu meno.

Ijumaa hawafungui baada ya sala ya adhuhuri. Jumamosi asubuhi utamkuta fundi mwenyewe. Siku nyingine hukaa kijana wake, anayesafisha mafuvu vizuri mno lakini hasomi meno.