Protini ya mchana wa kazi: ununue nini ukiwa Kigoma

Saa nne asubuhi, ofisini Mwanga au kijiweni kwa bodaboda, kinachoagizwa ni chai na maandazi mawili. Saa sita haijafika njaa imesharudi, ndipo soda na biskuti zinapoingia. Tumbo limejaa wanga mtupu, halina cha kulishikilia. Mwongozo huu ni wa mtu asiye na nafasi ya kukaa mezani mchana, anayetaka kitu cha kubeba kwenye mkoba na kikavumilia joto la huku.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mtu mzima anahitaji takribani gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 65 anahitaji kama gramu 54. Ukipata gramu 15 mpaka 20 kazini, umekwenda vizuri. Bei siziandiki, maana huku zinapanda na kushuka na upatikanaji wa samaki.

Namba moja: dagaa wa kukaanga

Hapa sina ubishi na mtu. Dagaa mkavu ameshatolewa maji, kwa hiyo zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Konzi moja ya gramu 30 inakupa kama gramu 15, zaidi ya mayai mawili, na kwa kuwa unamtafuna na mifupa yake unapata na kalsiamu.

Waliokwisha kukaangwa na kufungwa kwenye pakiti wapo, ila unalipia mkono wa mtu na mara nyingi chumvi imezidi. Bora ununue wakavu kwenye mwalo wa Kibirizi au sokoni, ukaange mwenyewe Jumapili. Swali la kwanza kwa muuzaji: "Mama, hawa ni wa chanja au wa mchanga?" Yaani wamekaushwa juu ya chanja au chini mchangani. Atakwambia wa chanja, wote husema hivyo. Chukua wachache kiganjani, wasugue taratibu, kisha wapulize. Chembe zikibaki kiganjani, jibu umelipata. Mwombe pia akuchotee kutoka chini ya gunia, maana mchanga haukai juu. Dagaa mzuri ana rangi ya fedha na anakatika kwa mlio. Aliyenyeshewa akiwa bado anaanikwa hugeuka manjano na kutoa harufu ya mafuta yaliyochacha. Huyo hata akipunguzwa bei muache. Masika ndiyo wakati wa kuwa macho zaidi.

Angalia na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, hivyo wavuvi wengi hupumzika. Mzigo unapungua, bei inapanda. Nunua kabla. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, na aliyekuwa na akiba ya dagaa wakavu ndani alijua thamani yake.

Kukaanga: toa vichwa kama hupendi uchungu, osha haraka kwa maji ya uvuguvugu, chuja, acha wakauke kabisa, ndipo mafuta. Mawese ndiyo yenye ladha yenyewe, ila yanapaka vidole rangi, na karani anayeshika makaratasi heri atumie alizeti. Wakipoa kabisa wafunike kwenye chombo kikavu. Ndimu na pilipili unaongeza wakati wa kula, siyo kabla, la sivyo wanalegea. Harufu? Ipo. Kama mnakaa chumba chenye kiyoyozi na madirisha yamefungwa, toka nje ule, usiwatese wenzako.

Namba mbili: mayai ya kuchemsha

Yai moja lina kama gramu 6, na ganda lake ni kifungashio tosha. Nunua yaliyochemshwa asubuhi hiyo hiyo, umenye wakati wa kula. Lililomenywa tangu asubuhi, limelala kwenye ndoo pamoja na kachumbari hadi mchana, lipite. Yangekuwa ya kwanza kama yasingepondeka kwenye mkoba.

Namba tatu: karanga

Gramu 25 hivi katika kila gramu 100, lakini nusu ya uzito ni mafuta, kwa hiyo konzi inatosha. Hatari yake ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Kukaanga hakuiondoi yote, basi chagua punje nzima, zilizojaa. Zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu tema. Za kumenya mwenyewe zina nafuu kuliko zilizosagwa, ambazo huoni kilichoingia.

Namba nne: mtindi

Nusu lita ina kama gramu 16 na hauhitaji kutafuna. Ila unanunua maji mengi, na bila jokofu ofisini unywe mapema. Soma pakiti, wenye ladha ya matunda una sukari nyingi.

Ukipata nusu saa ya kukaa

Basi mpango unabadilika. Sahani ya maharage kwa mama ntilie, ya huku huku Kasulu au Kibondo, na wali au ugali, ndiyo protini ya bei rahisi kuliko zote. Nafaka inajazia kile ambacho maharage yamepungukiwa. Mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, akikaangwa ni mtamu kuliko vyote nilivyotaja. Nimemweka huku chini kwa sababu ya miiba: huwezi kumla huku unapokea simu ya bosi.

Soseji ziache, nyingi ni chumvi na unga. Unga wa protini wa makopo makubwa unafaa kwa mtu wa mazoezi mazito asiyeweza kula samaki wala mayai. Mwingine yeyote, piga hesabu ya kopo moja kisha uulize sokoni hela hiyo inanunua visado vingapi vya dagaa.