Rivyu ya Wingspan kutoka kwa mtu wa kuprinti kadi za harusi

Kazi yangu ni kudizaini na kuprinti, kadi za harusi, mabango ya kicheni pati, stika za maji ya chupa, vitu hivyo, kwa hiyo nikishika kitu chochote kilichoprintiwa macho yanakimbilia kwanza kwenye kingo kuona kama wamekata sawa, yaani ni ugonjwa. Ndio maana hii ni rivyu ya macho. Wako watu wamecheza Wingspan mara mia na mbinu zote wanazo kichwani, hao wana ya kwao.

Wingspan ni ule mchezo wa mezani wa ndege, ulitoka 2019 kwa Stonemaier Games ya Marekani, aliyeubuni ni Elizabeth Hargrave ambaye mwenyewe ni mpenzi wa kuangalia ndege, na mwaka huohuo ukachukua tuzo ya Ujerumani ya Kennerspiel des Jahres. Mimi nililetewa na binamu akija likizo. Begi lake lilirushwarushwa huko lilikopita, boksi likafika kona moja imebonyea, moyo ukanilipuka maana ni mchezo wa dola 60 na kitu, nikafungua nikakuta ndani kila kitu kizima. Basi.

Kabla sijaenda mbali, tusijifanye kwetu hatujui dizaini ya mchezo ikoje. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na ile nyumba imechongwa mraba wakati wenzake wote ni duara, hakuna herufi hata moja pale lakini mtoto akikaa tu anajua hili shimo lina mambo yake. Hiyo ndiyo leiauti sasa. Halafu upande wa pili kuna ile ludo ya karatasi inayouzwa kwa machinga, rangi nyekundu imehama imepanda juu ya mstari mweusi, ukiikunja mara kumi katikati inatoboka na kete inaanguka kwenye tundu. Tumeicheza hiyohiyo na tumeipenda, lakini hakuna mtu aliyewahi kuipiga picha aweke status.

Wingspan watu wanaipiga picha. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kucheza kitu zaidi ya karata, alipita na sufuria akasimama. Kwenye boksi kuna ndege mmoja tu, yule mwenye mkia mrefu umegawanyika kama mkasi, ametanua mabawa na nyuma yake mandhari imefifia, na jina la mchezo. Hakuna mapanga, hakuna jitu linapiga kelele, hakuna nyota za "MPYA". Mteja wangu angeniambia "mbona umeacha wazi hivyo, jaza jaza kidogo, hela yangu hiyo". Wao wameacha, na huo uwazi ndio umemsimamisha shangazi.

Ndani kuna kadi za ndege 170 na hakuna ndege anayejirudia, kila mmoja kachorwa wake. Waliochora ndege ni wanawake wawili, Natalia Rojas na Ana María Martínez Jaramillo, na mandhari ya mabao na vitu vingine ni ya Beth Sobel. Fikiria 170. Mimi mteja akiniomba nibadilishe ua kwenye kadi mara tatu nazima simu. Ukisogeza kadi karibu na macho unaona manyoya yamejengwa mstari kwa mstari kama kwa kalamu za rangi, bawa lina kivuli chake, jicho lina ule mwanga mdogo unaofanya kitu kionekane kizima. Na wamemweka ndege juu ya rangi nyeupe tupu. Hakuna mti nyuma, hakuna machweo. Ni kama vile vitabu vya kutambulia ndege ambavyo watu wa utalii wanatembea navyo mbugani, ndege peke yake na maelezo yake, umtambue, uendelee na safari.

Ngoja nishike kadi moja nikuonyeshe, mbayuwayu, huyuhuyu tunayemwona amejipanga kwenye nyaya za umeme akikimbia baridi ya Ulaya. Juu kushoto kuna alama ya makazi yake na alama za chakula unacholipa kumweka. Pembeni jina, chini ya jina lile la kisayansi, Hirundo rustica, kwa herufi za kulala. Kushoto kuna unyoya wenye namba, hizo ni pointi, halafu picha ya kiota na vijiyai vinavyokuambia anabeba mayai mangapi. Kulia upana wa mabawa kwa sentimita. Chini kuna maneno ya uwezo wake, na chini kabisa kiramani cha mabara anakopatikana na sentensi moja ya habari zake. Hesabu hivyo vitu, vinakaribia kumi, kwenye kadi inayokaa kiganjani! Mimi nikipewa majina ya wazazi pande mbili, ukumbi, saa, na namba tatu za simu za michango nimeshaanza kutoa jasho. Hapa havigombani. Siri ni kwamba vitu unavyovihitaji ukiwa umetandaza kadi mkononi kama pepeo vyote viko kushoto, kwa hiyo kadi zikipandana bado unaona anaishi wapi, anakula nini, ana pointi ngapi. Ile habari ya kusoma kwa raha imewekwa chini kwa herufi ndogo, haikudai chochote. Aliyefanya hiyo kazi ya grafiki ni Christine Santana na kwangu mimi anastahili makofi sawasawa na waliochora, maana watu huwa wanasifia picha tu, aliyepanga anasahaulika, najua uchungu wake.

Na kitu kingine kidogo, makazi wameyatofautisha kwa rangi na kwa umbo pia, msitu una alama yake, nyasi yake, maji yake. Kuna watu wengi hawaoni vizuri kijani na nyekundu na hawasemi. Kaka yangu mmoja ni hivyo, kwenye ludo tunamgombeza kila siku kachukua kete ya mtu. Hapa hakukosea hata mara moja.

Bao la kila mchezaji ndio limenimaliza. Linakunjwa katikati, na likifungwa kwa nje ni kama daftari la mtu anayekwenda porini kuandika alichokiona. Ukilifungua kuna safu tatu, msitu unakupa chakula, nyasi mayai, maji kadi, kila safu nafasi tano. Sasa sikiliza ujanja wake. Ukiweka ndege, kadi yake inafunika nafasi iliyokuwa imechorwa malipo, na ile nafasi ya kwanza iliyobaki wazi ndiyo inakwambia safari hii unachukua nini, kwa hiyo safu ikijaa malipo yanapanda yenyewe na wala hakuna mtu wa kuuliza "hivi nachukua ngapi". Baada ya hapo kile kikyubu chako cha mbao cha kuonyesha zamu unakirudisha kushoto ukipita juu ya ndege mmoja mmoja, yule ambaye maneno ya uwezo wake yako kwenye mstari wa kahawia anafanya kazi yake. Gharama ya mayai imeandikwa juu ya kila safu wima. Yaani nusu ya kitabu cha sheria imechorwa mezani. Nilimweleza mpwa wangu wa miaka 11 kwa dakika kama kumi na tano hivi akaanza kunishinda, na sikumwachia.

Mayai sasa. Yako 75, madogo kuliko kete ya bao, rangi zimefifia fifia, pinki, bluu, na rangi hazina maana yoyote kwenye mchezo, yote ni sawa, wameweka rangi ili yapendeze tu. Mtu wa kubana matumizi angesema weka vikyubu vyeupe. Lakini ukiona mkono wa mtu unavyochagua yai la rangi fulani kwa ndege fulani unaelewa kwa nini wamelipia. Angalizo: yanafanana na peremende balaa. Kama una mtoto wa kutambaa nyumbani yahesabu kabla na baada, sisi moja tulilitoa mdomoni kwa kidole. Na kuna kile kimnara cha kadibodi cha kurushia dadu, unakipanga mwenyewe, kimetengenezwa kama kibanda cha kulishia ndege, dadu tano za mbao zinaingia juu zinatokea chini na zinachosema ndicho chakula kilichopo. Shangazi anakiita banda la njiwa. Kinapendeza ila kinakula meza, na ukicheza na watu watano meza ya kulia ya kawaida inabidi mtoe jagi la maji.

Sasa mahali ambapo macho yangu hayakuridhika. Ule mstari wa uwezo, kuna wa kahawia na kuna wa pinki, mchana hakuna shida, usiku chini ya taa ya njano zile rangi zinasogeleana na ukiangalia bao la mwenzako upande wa pili wa meza unabaki unauliza. Ningeweka na kialama kidogo pembeni, kama walivyofanya kwenye makazi, yaani wenyewe wanajua jibu. Umeme ulipokatika tukaendelea kwa tochi ya simu, na hapo ile rangi nyeupe ya kadi ilitusaidia sana, inarudisha mwanga.

Lakini kubwa ni maneno. Uwezo wa ndege umeandikwa kwa Kiingereza chenye vialama katikati ya sentensi, vialama vinasaidia, ila mtu asiyesoma Kiingereza anakaa anasubiri kusomewa. Mbaya zaidi ni zile kadi za bonasi. Kuna inayokupa pointi kwa ndege ambao majina yao yana rangi ndani yake, nyingine kwa majina yenye kiungo cha mwili. Haya, mtafsirie shangazi hapo. Lile jina lina maana kwenye Kiingereza tu, ukiligeuza Kiswahili rangi imepotea, kiungo kimepotea, kadi imekufa. Mimi nimezitoa tukicheza nyumbani, nimeacha zile za viota na chakula. Halafu nikakaa jioni moja nikatengeneza karatasi ya A4 ya Kiswahili, msitu, nyasi, maji, mdudu, mbegu, samaki, tunda, panya, viota nikaviita shimo, bakuli, jukwaa, na cha chini, nikaprinti nakala nne nikalaminate. Hapo ndipo niliona kazi ya Christine ilivyo nzuri, kwa sababu alama zote nilizipa neno moja moja zikatosha. Alama ikihitaji sentensi nzima kuielezea ujue haijakaa.

Ukitaka mchezo usio na lugha kabisa na bado unapendeza, angalia Azul, wa 2017, wa Michael Kiesling na sanaa ya Chris Quilliams, ulichukua Spiel des Jahres 2018, tuzo ya Ujerumani ya mchezo wa mwaka. Ni vigae 100, aina tano, 20 kila aina, wazo limetoka kwenye vigae vya Ureno, unavitoa kwenye mfuko wa kitambaa na vinalia mkononi vile vinavyolia kete. Kwenye vigae hakuna neno hata moja. Nilicheza kwa rafiki yangu na bibi yake, bibi alitupiga. Kama ni lazima nichague mmoja wa kubeba kwenye msiba au likizo kijijini ningebeba Azul bila kufikiri. Ila hakuna mtu aliyeshika kigae akaniuliza "huyu anaishi wapi". Wingspan inauliziwa hivyo kila dakika mbili, mchezo unachelewa kuisha kwa sababu watu wanaangalia ndege, na kwangu hiyo ndiyo sifa ya picha.

Wenye Wingspan wametoa boksi za nyongeza pia, Ulaya 2019, Oceania 2020, Asia 2022. Mimi nasubiri ya Afrika kama mtu anavyosubiri boda kwenye mvua, nataka kumwona korongo na kwezi na hondohondo wamechorwa kwa mkono ule.

Nikipewa namba, picha 10, mpangilio 9, lugha kwa nyumba kama yetu 5. Nunua kama mezani pako kuna angalau mtu mmoja wa kusoma Kiingereza na ana subira ya kuwasomea wenzake.

Ah, na kuna kadi ya bundi. Uso mweupe wenye umbo la kopa, macho meusi yanakuangalia wewe tu, kwa mchoro ni kati ya kadi kali kabisa kwenye boksi. Niliiweka msituni kwangu kama saa mbili usiku, shangazi akaiona. "Wee, unaniletea bundi ndani ya nyumba? Usiku huu? Toa." Nikamwambia shangazi ni picha tu, ana pointi nyingi. "Pointi zako katafutie kwenu." Kwetu ni hapohapo kwake lakini sikubisha. Aliichukua kwa ncha za vidole akaitia kwenye droo ya kabati la vyombo akafunga na ufunguo, tangu siku hiyo tunacheza na kadi 169.