Kitabu Kilichonikatikia Mlangoni pa Bi Bartholomew

Siku chache kabla ya shule kufungwa nilimnunulia binti yangu kitabu cha Tom's Midnight Garden katika duka moja la vitabu hapa Mombasa, na mpaka leo moyo wangu haujatulia. Nasema mapema kwamba hadithi yenyewe haina kosa. Kosa liko katika nakala niliyouziwa, na zaidi katika ulimi wa aliyeniuzia.

Philippa Pearce aliitoa hadithi hii Uingereza mwaka 1958, ikapata Nishani ya Carnegie, tuzo ya Uingereza ya vitabu vya watoto. Tom anaondolewa kwao kwa sababu nduguye Peter ana surua, anapelekwa kukaa na jamaa zake katika nyumba ya kupanga isiyo na mahali pa kuchezea. Usiku mmoja saa kubwa ya ukumbini inagonga mara 13. Anashuka, anafungua mlango wa nyuma, na hapo anakuta bustani ambayo mchana haipo, na ndani yake mtoto yatima aitwaye Hatty. Kwa Tom ni wiki chache za likizo. Kwa Hatty ni utoto wake wote.

Tulikuwa tukisoma sura moja kila usiku, mimi nikimfafanulia kwa Kiswahili palipokuwa pagumu. Aliniuliza saa sita ya usiku inagongaje mara 12, ikabidi nimweleze kwamba saa ile inafuata hesabu ya Wazungu. Hatty alipoteleza juu ya mto ulioganda mpaka mji wa Ely, akataka kujua kama barafu hiyo ni sawa na ile wanayofunikia samaki sokoni. Kilichomshika zaidi ni vile viatu vya kutelezea: Tom anamwomba Hatty avifiche chini ya mbao za sakafu siku atakapohama, kisha yeye mwenyewe anazing'oa mbao na kuvikuta palepale, vimemngojea miaka mingi.

Basi tukafika usiku ule ambao Tom anashuka na hakuna bustani. Analiita jina la Hatty mpaka nyumba nzima inaamka. Nikafunua ukurasa, nikakuta sura tuliyokwisha kuisoma. Wanaojua uchapaji wataelewa: kitabu huundwa kwa karatasi kubwa zinazokunjwa mafungu mafungu, na katika nakala yangu fungu moja la kurasa 16 lilikuwa limewekwa mara mbili, la mwisho halimo kabisa. Binti yangu hakuamini. Alikichukua mkononi mwangu, akazipekua kurasa moja moja akidhani zimegandana, akapitisha ukucha kwenye gundi ya mgongo wa kitabu.

Kesho yake nikarudi dukani. Kijana wa kaunta hakukigusa hata kitabu. Alinionyesha tu kwenye risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia kwa upole, "Kijana wangu, sikuja kurudisha, nimekuja kubadilishiwa. Kimepungua kurasa." Akanijibu mbele ya wateja wengine, "Mama, si ni cha mtoto? Mtoto atajuaje?"

Atajuaje! Mtoto aliyekaa usiku baada ya usiku akimngojea Hatty, huyo ndiye asijue? Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, na sikuona humo kwamba mnunuzi mwenye umri wa miaka kumi ametolewa. Niliondoka nimeazimia kuwaambia watu wasiliendee duka lile wala wasikinunue kitabu kile.

Kuhusu kitabu nimeshindwa kusema hivyo. Usiku ule nilimsimulia mwisho kwa kumbukumbu, kwani niliwahi kukisoma nikiwa msichana. Atakayetaka kuugundua mwenyewe aniwie radhi. Bi Bartholomew, yule ajuza mwenye nyumba aishiye juu, anamwita Tom aje kumwomba msamaha kwa kelele zake, na hapo inabainika kwamba Hatty ni yeye. Bustani ilikuwa ndoto ya utoto wake. Pearce aliichora kutokana na bustani ya nyumba ya kinu huko Great Shelford, alikokulia yeye na baba yake kabla yake, nami naona ndiyo sababu kila mti unasimama mahali pake.

Binti yangu alinyamaza, kisha akapanda ghorofani. Nyumba yetu iko Mji wa Kale na mama yangu analala juu. Nikamsikia akiuliza, "Nyanya, wewe ulikuwa ukicheza na nani?" Mama akamtajia rafiki yake waliyekuwa wakicheza mdako barazani kila alasiri, mpaka siku aliyohamishwa na wazazi wake. Nimekuwa mwana wa mama huyu zaidi ya miaka arobaini na sikuwahi kulisikia jina hilo.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba pengine kurasa zile zilipotea kwa heri. Siwezi. Nilisimulia nikisahau mengi, na binti yangu alinikatiza mara tatu kuniuliza Tom alisema maneno gani hasa, nikakosa la kumjibu. Jumamosi nitarudi dukani pamoja naye. Kitabu atakishika yeye, na kijana yule amwulize mwenyewe kama alijua.