Bibi yangu anajua nani atakufa kwenye tamthilia, na leo nawaambia anajuaje

Assalaam alaykum wapenzi wangu karibuni tena, kama sauti inakwaruza mnisamehe, hapa Michenzani, Unguja, gari hazipumziki na feni nimeizima ili mnisikie, kwahiyo mkiniona najifuta jasho msinianze kwenye kamenti. Leo sichambui simu, sichambui blenda. Ile blenda ya juzi najua mnataka niirudie na nitairudia inshallah, lakini leo nataka nichambue bidhaa ambayo karibu kila nyumba inayo na sijaona mtu aliyeipindua chini akaangalia imetengenezwa kwa nini. Tamthilia. Ile ya kila siku, isiyokwisha, ile ambayo saa yake ikifika nyumba nzima kimya na mchuzi unaungua jikoni na hakuna wa kunyanyuka.

Na nikisema bidhaa sifanyi mzaha. Wenzetu wanaziita opera za sabuni, jina limetoka Marekani miaka ya 1930, zilikuwa za redioni mchana na waliokuwa wakizilipia ni kampuni za sabuni kama Procter & Gamble, walijua mama yuko nyumbani anafua basi wakamtilia hadithi sikioni. Yaani tangu mwanzo hadithi ni kikapu tu, kilichomo ndani ni sabuni, na kinachohesabiwa ni masikio mangapi yamekaa kusikiliza. Mpaka leo ndo hivyo hivyo jamani, watu wakipungua mbele ya TV tangazo linashuka bei, tangazo likishuka bei bajeti inakatwa, na bajeti ikikatwa ndo utaona vituko, maana mtengenezaji hana vingi vya kuchezea, ana waigizaji wake, ana mfuko wake, na ana mkasa wa kutushtulia. Akibana huku lazima alegeze kule.

Sasa mwalimu wangu wa hii kazi ni bibi. Bibi skuli hakwenda ila muweke mbele ya TV utadhani ana daftari la mhasibu. Juzi kuna baba mmoja kwenye tamthilia tunayoangalia, mtu mkali miaka yote, hajawahi kucheka, ghafla kamkumbatia mwanawe, machozi, nimekukosea mwanangu. Bibi kaweka kikombe chini taratibu kasema, "Huyu mkataba wake umekwisha." Hakusema atakufa. Kasema mkataba. Siku ya nne lori likamgonga.

Nikacheka, lakini nilipokwenda kusomasoma nikakuta bibi kapatia kuliko anavyojua mwenyewe. Marekani mikataba ya waigizaji wa tamthilia kwa desturi imekatwa katika vipande vya wiki 13, kila wiki 13 zikitimia mwenye kampuni ana mlango wa kukutolea. Na Novemba 2019 ile Days of Our Lives, ambayo ipo tangu 1965, waigizaji wake wote waliachiwa mikataba kwa mpigo, wote, huku epsodi za miezi mbele zishapigwa tayari, mtazamaji anaona nyuso zile zile kila mchana na hajui kama wenyewe hawana kazi. Baadaye ikaongezewa muda, na 2022 ikatolewa kwenye TV ya kawaida ikapelekwa Peacock ya mtandaoni. Kwahiyo ukimuona mtu mbaya kageuka malaika ghafla usiangalie hadithi, angalia kalenda.

Haya tuje kwenye mfuko. Wiki iliyopita nimekaa na daftari, epsodi tano za tamthilia moja, jina silitaji sitaki kugombana na mtu, nikahesabu vyumba. Sita. Wiki nzima, familia mbili, hospitali, ofisi, mkahawa, na watu wote hao wanaishi katika vyumba sita. Pazia la kijani lililokuwa nyumbani kwa tajiri Jumatatu, Alhamisi nimelikuta kwa daktari. Wanakunywa chai lakini tazama mkono, kikombe kinanyanyuliwa kama karatasi, hakina kitu ndani. Sherehe kubwa imefanywa nje, sie tumo ndani na watu wawili wananong'ona, muziki tunausikia tu ukutani. Hiyo yote ni pesa inayookolewa, na mie siilaumu, nitawaambia kwanini.

Maana mie mwenyewe nimewahi kuwemo. Miaka kadhaa nyuma kuna watu walikuja kupiga tamthilia upande wa Bububu, wakataka wanawake wa kujaza harusi, mie na mashoga zangu tukaenda, tulikuwa saba. Saba, harusi ya binti wa tajiri! Tukaambiwa kila mmoja aje na nguo tatu za kwake, basi tunapita mbele ya kamera, tunazunguka nyuma ya nyumba mbio tunabadilisha, dera linavuliwa khanga inafungwa, tunapita tena kama wageni wengine, mwenzangu mmoja kapita na kiatu kimoja. Pilau ilikuwa sinia moja. Moja tu. Tumeambiwa shikeni tonge lakini msile, kwa sababu itapigwa tena kutoka upande wa pili, kutoka asubuhi mpaka alasiri tumeshika tonge lile lile, mafuta yameganda vidoleni, na jioni sinia likachukuliwa na watu wa taa. Nauli nimejilipia. Lakini ilipotoka, wallahi, ilikuwa harusi. Nilijiona nimepita mara tatu na hata mama yangu mzazi kanijua mara moja tu.

Ndo maana nasema pazia la kijani si tatizo, mtazamaji anasamehe pazia, anasamehe kikombe kitupu. Asichosamehe ni kuondolewa alichokizoea. Hichi ndo kitu wanachouza hawa, si hadithi, ni mazoea. Nani hapa wa rika langu asiyemkumbuka Cherel wa Isidingo, ile ya Afrika Kusini iliyokuwa ikioneshwa ITV? Bibi Kiingereza hajui neno, lakini alikuwa akimsoma Cherel kwa kope. Cherel akitabasamu bibi anasema "kesho mtu atalia", na kesho mtu analia. Hiyo huinunui kwa seti ya kupigia ya mamilioni, inajengwa kwa uso mmoja kuingia sebuleni kwako jioni baada ya jioni miaka nenda rudi.

Mfano ambao hauchoshi ni Dallas, tamthilia ya Kimarekani. Mwaka 1985 Patrick Duffy aliyekuwa akiigiza Bobby akataka kuondoka, wakamuua Bobby, wakazika, hadithi ikaendelea msimu mzima, vifo, harusi, fitina, pesa wanazo. Watazamaji wakaanza kushuka. Wakamrudisha 1986, vipi wakati kafa? Pam, aliyekuwa mkewe, kaamka asubuhi kamkuta bafuni anaoga. Msimu mzima ilikuwa ndoto! Yaani walikuwa tayari kuifuta kazi ya mwaka mzima, kila kilichoandikwa kitupwe, ili uso mmoja urudi. Watu walicheka, wengine walikasirika, na mie naona ni aibu kubwa ya uandishi, lakini tizama walivyopiga hesabu.

Na hili la kubadilisha uso ukabakisha jina sie tumelionja wenyewe kwenye ile ya Kituruki tuliyoijua kwa jina la Sultan, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Hürrem, kipenzi cha Sultan Suleiman, aliigizwa na Meryem Uzerli, mwaka 2013 akaondoka hadithi haijesha, akarudi Ujerumani, amechoka, na akichoka ana haki maana hizi za Kituruki epsodi moja inafika masaa mawili na kila wiki lazima itoke. Akaletwa Vahide Perçin awe Hürrem wa makamo. Muigizaji mzuri sana, mie nampenda. Lakini jirani yetu mmoja aligoma wiki nzima hakuja kuangalia, anasema "Mie simjui huyo mwanamke, nani kamuweka nyumba ya Suleiman?" Umeona? Hasemi kaigiza vibaya. Anasema simjui.

Sasa ukiona uso ni mali namna hiyo, utajiuliza mbona wenye nyuso hawalipwi. Hapo pananiuma. Afrika Kusini, Generations, ipo tangu 1993, Agosti 2014 waigizaji 16 waligoma wakidai malipo na mikataba inayoeleweka, wakafukuzwa wote 16. Kumi na sita! Tamthilia ikatoka hewani miezi miwili, Desemba ikarudi na jina Generations: The Legacy na nyuso mpya tele. Mwaka uliofuata ikaanza Uzalo, na hiyo Uzalo ndo ikaja kukalia kiti cha kuangaliwa zaidi nchini kwao. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya wale 16, ushindani upo, ladha zinabadilika. Lakini ukiufungua mlango mwenyewe usimshangae jirani akiingia.

Kuna na wale waliokata mahali pengine kabisa. Guiding Light ya Marekani ilianza redioni 1937, ikaingia kwenye TV 1952, hiyo si tamthilia tena hiyo ni bibi wa bibi. Mwaka 2008 pesa hamna, wakaacha namna ya studio ya zamani, wakachukua kamera ndogo za mkononi na kwenda kupiga nje kwenye mji mdogo wa Peapack, New Jersey. Kwenye karatasi ni akili, mandhari ya bure, jua la bure. Septemba 2009 ikafungwa. Ilikuwa ishashuka sana kabla, sisemi kamera ndo ziliiua, ila mtu aliyezoea sebule ile miaka 40 ukimtoa nje kwenye upepo na kamera inatikisika anahisi kahamishwa nyumba.

Haya na mikasa, maana najua mnangoja hapo. Ndege, moto, majambazi harusini. Uingereza kuna Emmerdale ya kijijini, watu na ng'ombe wao, mwisho wa Disemba 1993 wakaangusha ndege juu ya kijiji, watu milioni 18 wakaangalia, na katika moshi ule wakapunguza wahusika kadhaa. Ndege moja umepata watazamaji na umefagia orodha ya mishahara, ujanja huo, na ulifaa kwa sababu iliwaangukia watu tunaowajua. Lakini tizama EastEnders, ya huko huko Uingereza, siku ya Krismasi 1986. Watazamaji kama milioni 30. Kulitokea nini? Mwanamme kampa mkewe bahasha, ndani karatasi za talaka. Basi. Bahasha inauzwa bei gani sokoni Darajani?

Na ujasiri wa hadithi kwangu ndo huo. Hapa kwetu watu wakisema tamthilia ina mambo makubwa wanamaanisha yale ya kumfanya mkwe wako akohoe na wewe unatafuta rimoti chini ya mto, mie hilo silihesabu, hilo ni rahisi. Ngumu ni kuonesha mirathi, kaka mkubwa anavyowala dada zake nyumba ya baba huku anasoma dua. Ngumu ni kijana wa unga ndani ya familia inayoheshimika mtaani. Huko Bara tamthilia ya redio ilishawahi kufanya hivyo na bila pazia hata moja, Twende na Wakati, Radio Tanzania 1993, Mkwaju dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, hodari, watu wanacheka nae, halafu taratibu ukimwi unamuingia na mkewe Tunu anasimama kwa miguu yake. Seti yake ilikuwa mlango, injini na sauti ya mtu. Mwaka 1993 kuyasema hayo ndo ujasiri, na waliweza kwa sababu kwanza walikuacha umzoee Mkwaju.

Kwahiyo wale wetu wa hapa Unguja na Pemba wenye kamera moja na hamu kubwa, mnaniandikia inbox mnaniuliza mpigie wapi hoteli nzuri, gari gani la kukodi. Msikodi gari. Mlipeni yule mama anayeigiza mama mkwe, mumuweke miaka mitatu, asiondoke, na sinia za pilau ziwe mbili.

Kwa nyinyi wanunuzi, kifurushi kipi mlipie sitasema leo, bei zinabadilika nikisema leo kesho mtanitukana. Ila kabla hamjalipia mwezi mzima angalieni epsodi tatu mkiwa mmezima sauti. Ukiweza kujua nani anamchukia nani kwa macho tu, lipia.

Naishia hapa, umeme wa Tukuza umebaki uniti chache na saa yetu inakaribia. Yule wifi mbaya, mnamjua, jana kaenda kwa jirani kuomba radhi na zawadi ya mkufu. Bibi katazama, hakusema kitu. Kaniuliza tu leo tarehe ngapi.