Wikipedia ya Kiswahili kwa utafiti wa mwanafunzi: nyota tatu kati ya tano

Nyota tatu ni wastani tu. Kamusi elezo hii iliyoanza mwaka 2003 ina makala zilizokamilika hadi tanbihi ya mwisho, na ina nyingine za mistari mitatu zenye ilani chini kwamba "bado ni mbegu". Kwa hiyo pima makala uliyoifungua. Jina la tovuti halikuthibitishii kitu.

Wanaoitetea hutaja ulinganisho wa jarida la Nature wa mwaka 2005: katika makala 42 za sayansi, Wikipedia ilikutwa na wastani wa makosa manne kwa makala, kamusi elezo ya Britannica matatu. Lakini hizo zilikuwa makala za Kiingereza, zinazopitiwa na macho mengi. Ukurasa wa kata ya mbali unaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa na yeyote isipokuwa roboti, yaani programu zinazohariri zenyewe, na tarakimu ikikosewa humo inabaki hivyohivyo.

Ninapoitumia kwa takwimu za watu, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mwaka wa sensa: 2002, 2012 au 2022. Kurasa za Tanzania zimechanganya zote tatu. Cha pili ni mpaka, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoanguka. Chukua Mbeya. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,707,410. Ya 2022 ilihesabu 2,343,754. Ukiziweka kwenye jedwali bila kuuliza, utaandika kwamba mkoa umepoteza watu 363,656, kisha utaanza kueleza uhamaji ambao haukutokea. Kilichotokea ni kwamba mwaka 2016 Songwe ilimegwa kutoka Mbeya, nayo ilikuwa na watu 1,344,687 mwaka 2022. Jumlisha mikoa hiyo miwili upate 3,688,441, ndipo ulinganishe na 2012. Namba zote ni sahihi, hakuna mhariri aliyekosea, na bado hitimisho lingekuwa la uongo! Kata na wilaya nazo hugawanywa vivyo hivyo, mara nyingi zaidi kuliko mikoa.

Ukitilia shaka tarakimu, shuka kwenye tanbihi ufungue chanzo chenyewe. Kiungo kikiwa kimekufa, nakili anwani yake uibandike kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani za mtandao. Ripoti nyingi za zamani zinapatikana humo. Kisha bofya historia ya ukurasa, chagua matoleo mawili, uyalinganishe. Mimi hushtuka nikiona hariri iliyobadilisha tarakimu moja tu, bila maelezo na bila chanzo kipya. Pitia na ukurasa wa majadiliano, ingawa kwa Kiswahili mara nyingi ni mtupu.

Kukimbilia toleo la Kiingereza ili "kuhakikisha" hakusaidii sana. Makala nyingi za Kiswahili zimetafsiriwa kutoka huko, kwa hiyo kukubaliana kwao ni shahidi mmoja anayesema mara mbili. Magazeti pia yana mtego huo: habari ikichapishwa baada ya sentensi kuingia Wikipedia, huenda mwandishi aliichota humohumo. Linganisha tarehe ya gazeti na tarehe ya hariri.

Kwenye orodha ya marejeo ya kazi yako, andika ripoti ya sensa ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, pamoja na jedwali na ukurasa, baada ya kuisoma kwa macho yako. Kunukuu ripoti uliyoiona kwenye tanbihi tu ni udanganyifu, na msimamizi makini atakuuliza ukurasa. Ikiwa Wikipedia yenyewe ndiyo unayoichunguza, ingia kwenye historia, bofya tarehe ya toleo ulilosoma, unakili anwani yenye "oldid=" na namba yake. Anwani ya kawaida itamfungulia msomaji wako toleo la siku atakayoifungua, ambalo huenda halina tena sentensi uliyoinukuu.