Mazoezi tiba baada ya kuhamishiwa kano: kliniki moja ya Area C

Mimi ni fundi cherehani, Majengo, Dodoma. Ajali ya bodaboda iliumiza mshipa wa fahamu pembeni ya goti, unyayo wa kulia ukabaki unaning'inia, ndala inanivuka njiani. Tulisubiri zaidi ya mwaka mshipa upone, haukupona. Ndipo daktari akahamisha kano, yaani kamba inayounga msuli na mfupa: ile ya msuli unaovuta unyayo kwa ndani aliipitisha mbele na kuishikiza upande wa juu wa unyayo, ili sasa inyanyue unyayo.

Nilikaa na hogo wiki 6, kisha nikaanza mazoezi kwenye kliniki hii ndogo. Hawa nawasifia kwa moyo wote. Dada wa mazoezi aliniambia jambo ambalo wodini sikulisikia: "Mama, kano imepewa kazi mpya, ila ubongo bado unaituma kazi ile ya zamani." Akanishika kisigino, akasema nijaribu kuvuta unyayo ndani, kama zamani. Ukanyanyuka! Kidogo tu, lakini nililia pale pale kitandani. Tukarudia hivyo kwa wiki nyingi, mpaka nikaacha kufikiria.

Ngazi za kuingilia hazina pa kushika, na mwenye magongo anateseka sana. Naomba sana warekebishe. Jumatatu foleni ni ndefu, nendeni Alhamisi.

Unyayo haunyanyuki sawa na wa kushoto, na daktari alinieleza hilo mapema. Lakini nakanyaga cherehani. Juzi nimemaliza sare 4 za shule.